Boks na All Blacks Agosti hii: maswali mnayoniuliza kila siku

Kila nikitaja hii mechi kuna mtu ana swali. Shemeji yangu peke yake ameniuliza sita, na huyo hajawahi kutazama raga dakika kumi mfululizo, kwa hivyo nimeona niyaandike yote hapa nipumzike. Mimi sio kocha. Nilicheza winga shule ya upili, nikavunjika mfupa wa bega, hadithi ikaishia hapo. Mtazamaji tu, lakini wa miaka mingi.

Kwani ni mechi gani hii watu wanapigia kelele?

Afrika Kusini na New Zealand, yaani Springboks na All Blacks. Na sio moja, ni nne. Ya kwanza ni Jumamosi tarehe 22 Agosti 2026 Ellis Park kule Johannesburg, ya pili 29 Agosti Cape Town, ya tatu 5 Septemba uwanja wa FNB kando ya Soweto, halafu ya nne, usishangae, 12 Septemba Baltimore, Marekani. All Blacks pia watacheza na timu nne za wenyeji, Stormers, Sharks, Bulls na Lions, kama ziara za zamani zile za kukaa nchi ya watu mpaka unajua bei ya sukari. Ziara ndefu ya aina hii hawajafanya Afrika Kusini tangu 1996.

Hizi timu mbili ndizo zimebeba Kombe la Dunia mara nyingi kuliko zote. Boks mara nne, 1995, 2007, 2019 na 2023. All Blacks mara tatu, 1987, 2011 na 2015. Wengine wote wanafuata nyuma.

Saa ngapi kwetu?

Afrika Kusini iko nyuma yetu hapa Kenya saa moja, basi. Ukiona wameandika saa kumi na moja jioni ya kule, kwetu ni saa kumi na mbili. Baltimore ndiyo itakusumbua maana wako nyuma saa saba, mechi ya saa kumi jioni kule kwako ni saa tano usiku, kwa hivyo kama una kanisa asubuhi panga mapema.

Watu wanasema hizi timu zinacheza tofauti kabisa. Mimi naona wote wanasukumana tu. Tofauti iko wapi?

Hili ndilo swali lenyewe, ukilielewa hili umeelewa mechi.

Boks wanataka mechi iwe kama foleni ya Mombasa Road jioni. Simama, sogea kidogo, simama tena. Kila mpira ukisimama kunakuwa na skramu au laini-auti, ule mpira wa kurushwa ndani kutoka pembeni, au penalti, na hapo ndipo wale majitu wao wanapokula. Skramu ni watu wanane kwa wanane, kila upande karibu kilo 900, na Boks wakikusukuma ukaanguka au ukapinda refa anawapa penalti, wanapiga mpira nje karibu na kona yako, wanarusha laini-auti, wanaufunga katikati ya kundi na kuanza kusukuma kwenda mbele taratibu, ile inaitwa moli, na ukiizuia vibaya ni penalti tena. Unaona huo mzunguko? Hawakufungi kwa ujanja, wanakufanya ukosee mpaka uchoke kukosea.

All Blacks wao wanataka barabara ya saa nane usiku, wazi, taa zote za kijani. Wanataka mpira usisimame. Wakiangushwa wanapasia kwa mkono mmoja kabla hawajagusa chini, wakipata penalti wakati mwingine wanaigusa tu kwa mguu na kukimbia kabla hamjajipanga, na ukiwapigia mpira vibaya ukatua mikononi mwa mtu kama Will Jordan nyuma kule, umekwisha, kwa sababu ndio watu hatari zaidi duniani pale mpinzani akiwa amejipanga kushambulia halafu mpira ukampotea.

Sasa unaona ugomvi ni wa nini. Sio mpira. Wanagombania mwendo. Mtu wa kilo 120 akipata sekunde thelathini za kupumua anakuwa mtu mpya, akinyimwa hizo sekunde mara kumi mfululizo anakuwa mzigo kwa timu yake. Kwa hivyo ukiona jamaa wa Boks anafunga kamba ya kiatu dakika ya 35, hiyo kamba haikuwa na shida yoyote.

Mbona wanapiga mpira juu hovyo badala ya kukimbia nao?

Sio hovyo bana. Ule mpira wa juu, namba 9, yule anayetoa mpira kwenye kundi, anaupiga uende mbinguni ukae huko muda wa kutosha wenzake wafike pale utakapoangukia, sasa yule anayeudaka anaudaka huku mtu anamrukia. Akiuangusha, skramu kwa Boks, na tushaona skramu ni chakula chao. Tena siku hizi marefa wamekaza, zamani wenzako walikuwa wanakusindikiza wakikuzibia wale wanaokuja, tangu mwisho wa 2024 ukizibia unapigiwa filimbi. Kwa hivyo mipira ya juu imeongezeka kila mahali, hata All Blacks wanaipiga. Usipige kelele "pasia!" mbele ya watu wanaojua mchezo, utaaibika.

Kikosi cha mabomu ni nini?

Hili ni jina la utani la benchi ya Boks, Bomb Squad. Raga unaruhusiwa akiba wanane. Timu nyingi zamani ziliweka fowadi watano, yaani wale wakubwa wa kusukuma, na mabeki watatu. Rassie Erasmus, kocha wa Boks, akaja 2019 na sita kwa wawili, akashinda Kombe la Dunia, fainali 32-12 dhidi ya Uingereza. Halafu Agosti 2023 pale Twickenham, London, akaweka saba kwa mmoja dhidi ya hawa hawa All Blacks na akawapiga 35-7. Saba! Yani karibu ukuta mzima wa mbele unabadilishwa na watu wapya wenye njaa wakati wewe umebaki na wale wale waliochoka.

Ina hatari yake. Beki akiumia na mwingine akiumia huna mtu, unaanza kumpeleka fowadi winga. Rassie alishaona hilo, ndio maana ana watu kama Andre Esterhuizen ambaye ni senta, yaani beki wa katikati, lakini anaingia kwenye skramu kama flanka, yaani fowadi wa pembeni, bila kuuliza maswali. Kwangu mimi hiyo ndiyo akili kubwa zaidi kwenye raga miaka hii kumi, na najua kuna watu watanitukana, wanasema inaharibu mchezo. Sheria inaruhusu. Badilisheni sheria.

Kwa hiyo Boks hawajui kukimbia na mpira?

Hapo ndipo watu wengi wamebaki nyuma kama gazeti la juzi. Mwaka 2024 Boks walimleta Tony Brown kusimamia mashambulizi, na huyo ni mtu wa New Zealand, aliwahi kuvaa namba 10 ya All Blacks. Tarehe 13 Septemba 2025 wakaenda Wellington, mapumziko wako chini 10-7, kipindi cha pili wakafunga pointi 36 bila jibu, mwisho 43-10. All Blacks hawakuwa wamewahi kupigwa hivyo tangu waanze kucheza raga. Na trai zile, yaani mabao ya raga, hazikuwa za kusukuma tu, Cheslin Kolbe alifunga mbili, huyo jamaa ana mwili wa mtu wa kawaida ukimkuta stejini huwezi kudhani.

Lakini wiki moja kabla, Eden Park, hao hao Boks walipigwa 24-17, uwanja ambao All Blacks hawajafungwa tangu 1994. Kwa hivyo usiniambie unajua.

Mimi sijui sheria. Nitazame nini?

Usitazame mpira. Najua inasikika vibaya, nisikilize. Kuanzia dakika ya 45 tazama mikono ya fowadi wa All Blacks mpira ukisimama. Mikono ikiwa kiunoni au magotini, Boks wanashinda hata kama ubao unasema vingine. Halafu angalia fowadi wa Boks, wakitembea kwenda kwenye laini-auti ni sawa, huo ni mpango, lakini mpira ukiwa unachezwa na wao wanatembea, basi All Blacks wamewapata, trai inakuja na itakuja pembeni.

Kati ya dakika ya 50 na 60 Boks wanaingiza lile benchi. Hapo ndipo mechi inaamuliwa mara nyingi. 2024 kote All Blacks walikuwa na ugonjwa wa robo ya mwisho, wanacheza vizuri mpaka dakika ya 60 halafu wanapotea.

Na mimi nililipia hilo somo. Tarehe 31 Agosti 2024, Ellis Park, kwetu mechi imeanza saa kumi na mbili jioni, tumejazana kwa jamaa mmoja mtaani. All Blacks wanaongoza 27-17, zimebaki kama dakika kumi na tano, mimi nikasema hii imekwisha, nikashuka ngazi kwenda kununua mutura kwa yule jamaa wa kona. Foleni ilikuwa ya watu watatu. Mbele yangu mama mmoja anataka akatiwe vipande vidogo vidogo, kachumbari pembeni, pilipili kwenye karatasi yake, chumvi hapana, ah basi weka kidogo. Nikasikia ghorofa linapiga kelele. Nikajiambia ni penalti. Nikachukua yangu, nikaanza kupanda, ghorofa likapiga kelele tena, safari hii mpaka mbwa wakabweka. Nafungua mlango, 31-27. Kwagga Smith amefunga, Grant Williams amefunga, wote wawili wametoka benchi, na mimi nimeshika mutura ya shilingi hamsini.

Pointi zinahesabiwaje?

Trai, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wao, ni 5. Baada ya trai unapiga mkwaju wa kuongeza, 2. Penalti ikipita katikati ya milingoti ni 3, dropu ya kupiga mpira ukiwa umedunda pia ni 3. Dakika 40, mapumziko, 40. Ikifika 80 mechi haiishi mpaka mpira usimame, kwa hivyo usiinuke. Kadi ya njano ni dakika kumi nje.

Hata kadi nyekundu inaua mechi?

Sio lazima. Fainali ya 2023 pale Stade de France nahodha wa All Blacks, Sam Cane, alionyeshwa nyekundu kipindi cha kwanza, ya kwanza kabisa kwenye fainali ya Kombe la Dunia ya wanaume, na watu kumi na nne wakapigana mpaka mwisho wakapoteza kwa pointi moja, 12-11. Boks hawakufunga trai hata moja siku hiyo, Handré Pollard alipiga penalti nne, kwisha. Pieter-Steph du Toit aliangusha watu mara 28, hiyo ni kazi ya watu wawili. Jordie Barrett wa All Blacks akakosa penalti ya mbali zikiwa zimebaki dakika chache, na Kolbe yuko nje na kadi ya njano, amekaa kwenye kiti amejifunika uso na jezi hataki kuona. Mimi pia nilijifunika. Na mimi sikuwa hata na timu!

Ile ngoma ya mwanzo ni ya kutisha watu?

Haka ni ya Wamaori, wenyeji wa New Zealand, na ina maana zaidi ya kutisha, ni kujitambulisha na kupeana changamoto. Wana mbili, Ka Mate ambayo ilitungwa na chifu Te Rauparaha karne ya 19, na Kapa o Pango ambayo waliicheza mara ya kwanza 2005 Dunedin, mbele ya nani? Boks. Wapinzani wanasimama wanatazama. Hiyo mechi ya mutura ndege ilipita juu ya uwanja haka ikiendelea na Afrika Kusini wakaomba radhi, kwa hivyo safari hii natarajia kimya. Kwenye TV ongeza sauti.

Hewa ya Johannesburg ni shida kweli au ni kisingizio?

Ni shida. Mji uko karibu mita 1,750 juu ya bahari, kama Nairobi tu. Mtu akitoka Mombasa akipanda ngazi za Nairobi siku ya kwanza anajua nasema nini. All Blacks wanatoka nchi ya pwani, na wanataka mchezo wa mbio, mapafu yao ndiyo yatauliza maswali. Mpira pia unaenda mbali kwenye hewa nyepesi, penalti za mita 55 watu wanajaribu. Cape Town iko baharini, huko hicho kisingizio hakuna.

Huu uhasama ulianza lini?

Mechi ya kwanza ilikuwa Agosti 1921, Dunedin, New Zealand wakashinda 13-5. Tangu hapo wamekutana zaidi ya mara mia, New Zealand wanaongoza kwa jumla. Lakini hii hadithi ina sehemu inayotuhusu sisi Afrika Mashariki na watu wengi hawaijui.

Wakati wa ubaguzi New Zealand waliendelea kucheza na Afrika Kusini, na kwa miaka mingi waliwaacha Wamaori nyumbani ili kuwaridhisha watawala wa Afrika Kusini. Mwaka 1970 Wamaori wakaruhusiwa kwenda, eti kama "wazungu wa heshima". Soma tena hiyo. Halafu 1976, Juni 16, watoto wa shule Soweto wakapigwa risasi kwa kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana. Mwezi haukuisha All Blacks wako huko, wanacheza. Nchi za Afrika zikasema New Zealand wakiruhusiwa Olimpiki ya Montreal sisi hatuchezi. Wakubwa wa Olimpiki wakajibu raga sio mchezo wa Olimpiki haituhusu. Zaidi ya nchi 20 zikajitoa, Kenya imo, Tanzania imo, Uganda imo.

Sasa fikiria Filbert Bayi. Mtanzania, Februari 1974 Christchurch, nyumbani kwa New Zealand kwenyewe, amekimbia mita 1500 akiongoza mwanzo mpaka mwisho, rekodi ya dunia 3:32.2. Nyuma yake John Walker wa New Zealand, na wa tatu Ben Jipcho wetu. Dunia nzima inasubiri Bayi na Walker Montreal. Bayi hakwenda. Walker akachukua dhahabu. Bayi alikuja kupata fedha Moscow 1980, lakini ile ya kuruka viunzi na maji, sio 1500. Mbio kubwa kuliko zote za kizazi kile hazikukimbiwa, kwa sababu ya mechi za raga.

Na mechi ya tatu ya mwaka huu iko kando ya Soweto, miaka 50 kamili. Boks wanaongozwa miaka hii na Siya Kolisi, mtoto wa Zwide, kitongoji cha watu weusi. Mzee mmoja hapa kwetu ambaye 1976 alikuwa mwalimu ameniambia atatazama hiyo moja tu, zingine hapana. Sikumwuliza atashangilia nani.

Sisi Wakenya tushangilie nani?

Fanya utakavyo. Nimeona tu kwamba watu waliokulia kwenye raga ya wachezaji saba, ya kukimbia, wale waliolia 2016 Shujaa walipoifunga Fiji 30-7 Singapore, wengi moyo wao uko All Blacks kwa sababu ya mchezo. Halafu wanavaa jezi ya Boks kwa sababu ni Afrika. Nawaelewa, hiyo ni ndoa ngumu.

Mechi ya nne kwa nini Marekani?

Pesa. Na Kombe la Dunia la 2031 liko Marekani, wanataka Wamarekani wazoee.

Mechi ya kwanza nani anashinda?

Boks, kwa pointi chini ya kumi, na kwa dakika 50 utafikiri nimekudanganya. All Blacks wataanza kwa kasi kwa sababu hawana njia nyingine, wanajua benchi linakuja na hewa ni nyembamba, wanahitaji wawe mbele kwa pointi kumi na zaidi ikifika dakika ya 60 ya mchezo. Wakifika hapo na kumi na tano, nitakula maneno yangu. Kwa zote nne nasema tatu kwa moja, na hiyo moja naiweka Cape Town.

Nikialika watu, chakula kitoke saa ngapi?

Mapumziko. Kila kitu kiwe mezani mapumziko, nyama imekatwa, kachumbari imewekwa, soda zimefunguliwa. Na atakayesema anashuka mara moja tu kwa jamaa wa kona dakika ya 60, mwambie aende na asirudi.